Kulipa Kafara ya Saumu ya Ramadhani Iliyovunjwa kwa Makusudi

Mtu aliyeivunja saumu yake ya Ramadhani akijua analolifanya, akishaingiwa na majuto huwa na haraka ya kuuliza kilo za mchele. Swali hilo lina mahali pake, lakini mahali pake ni karibu na mwisho. Kabla ya mchele kuna toba, kuna kujizuia kwa saa zilizobaki za siku hiyo, kuna kuipambanua aina ya kosa, kuna siku ya kulipa, na kuna miezi miwili ya kufunga ambayo mwenye afya haruhusiwi kuiruka kwa sababu tu mfuko wake una fedha. Wako waliolisha masikini sitini ilhali hawakudaiwa kafara, yaani malipo ya kosa, hata kidogo, na wako wanaodaiwa miezi miwili ambao walitoa gunia la mchele wakadhani wamemaliza.

Mwongozo huu unafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, Visiwani na Ngazija. Madhehebu mengine yanatajwa pale ambapo tofauti yao inaligeuza deni lenyewe, kwa kuwa katika mtaa mmoja wa Mombasa au wa Unguja huweza kukaa Mshafii, Mhanafi, Muibadhi na Mshia Ithnaashari, na fatwa aliyopewa jirani si lazima iwe ndiyo yako.

Hukumu hii ilikotoka

Qur'ani katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 183 hadi ya 187, imefaradhisha saumu, imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula kisha kulipa siku nyingine, na imehalalisha kula, kunywa na kuingiliana mume na mke usiku mpaka alfajiri ipambanuke. Haikutaja kafara ya mwenye kuivunja. Kafara imetoka katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema kwamba ameangamia, kwa sababu amemwingilia mkewe ilhali amefunga Ramadhani. Akaulizwa kama anaweza kumwacha huru mtumwa, akasema hawezi. Akaulizwa kama anaweza kufunga miezi miwili mfululizo, akasema hawezi. Akaulizwa kama anaweza kulisha masikini sitini, akasema hana. Wakiwa wamekaa, likaletwa kapu la tende. Mtume akampa na kumwambia alitoe sadaka. Yule mtu akauliza amtolee nani, na hakuna nyumba masikini kuliko yake baina ya nyanda mbili za mawe meusi zinazoikabili Madina. Mtume akacheka mpaka meno yake ya pembeni yakaonekana, akamwambia akawalishe watu wa nyumbani kwake.

Katika baadhi ya riwaya kapu lile limekadiriwa kuwa la pishi 15. Pishi moja ni vibaba vinne, kwa hiyo ndani ya kapu kulikuwa na vibaba 60, kibaba kimoja kwa kila masikini. Hesabu hii ndiyo iliyowaongoza Mashafii katika kipimo cha kulisha, na tutairudia.

Hadithi hiyo pia inaeleza kwa nini maimamu walitofautiana. Kosa lililotajwa ndani yake ni jimai, yaani tendo la kuingiliana. Imamu Shafii na Imamu Ahmad walisimama hapo hapo: kafara ni ya jimai, na anayekula au kunywa makusudi anapata dhambi na analipa siku, lakini hana kafara. Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik waliona kuwa kiini cha hukumu ni kuivunjia heshima Ramadhani, kwa hiyo kula na kunywa makusudi nako kunaleta kafara. Maibadhi na Mashia pia wanaiwajibisha kafara kwa anayekula makusudi.

Hatua ya kwanza: acha hapo hapo, tubu, na ujizuie mpaka magharibi

Aliyevunja saumu bila udhuru hapewi ruhusa ya kuendelea kula kwa hoja kwamba siku imekwisha kuharibika. Saa zilizobaki ni za Ramadhani na heshima yake haijaondoka, hivyo anajizuia kama wenzake mpaka jua lizame, ingawa kujizuia huko hakuhesabiwi kuwa saumu. Anayeendelea kula anaongeza dhambi juu ya dhambi.

Toba ina mambo yake yanayojulikana: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Hakuna sharti la kulitangaza. Anayekwenda kwa sheikh kuuliza anaweza kuuliza kwa niaba ya "mtu fulani" na akajibiwa vile vile, maana sheria haidai jina la mkosaji. Huenda mtu akazuiwa na kile anachokisikia katika mawaidha, kwamba aliyekula siku moja ya Ramadhani bila udhuru hataweza kuilipa hata akifunga dahari yote. Hadithi hiyo imepokewa na Tirmidhi, na wanazuoni wa hadithi wameitia kasoro katika isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Aliyeivunja siku bado anadaiwa kuilipa, na mlango wa toba haukufungwa mbele yake.

Hatua ya pili: pambanua ni kosa gani hasa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu deni lote linajengwa juu ya jibu la hatua hii.

Kwa Mashafii, kafara inawajibika yakikutana mambo haya: siku yenyewe iwe ya Ramadhani, mtu awe ni mwenye kulazimika kufunga na amefunga kwa nia aliyoiweka usiku, awe ameiharibu saumu kwa jimai kamili, hata kama hakutokwa na manii, awe amefanya kwa makusudi, kwa hiari yake na kwa kujua kuwa ni haramu, na awe amepata dhambi kwa sababu ya saumu yenyewe. Haijalishi kama jimai ilikuwa ya mke wa ndoa au ya zinaa, ijapokuwa zinaa ina dhambi yake nyingine isiyofutwa na kafara hii.

Jambo moja likikosekana, kafara inaanguka. Aliyesahau kuwa amefunga, saumu yake ni sahihi na anaikamilisha, kama alivyoelekeza Mtume kuhusu anayekula au kunywa kwa kusahau. Aliyelazimishwa vile vile. Msafiri aliyeruhusiwa kufungua, akaanza siku akiwa amefunga kisha akamwingilia mkewe aliyesafiri naye kwa kuitumia ruhusa yake, analipa siku tu. Anayeivunja saumu ya kulipa, ya nadhiri au ya sunna kwa jimai hana kafara, kwa sababu heshima inayolindwa na kafara ni ya mwezi wa Ramadhani. Hata hivyo kuivunja saumu ya faradhi inayolipwa ni dhambi. Aliyejitoa manii kwa mkono amefuturu na ana dhambi, analipa siku, na hana kafara.

Aliyekula wali mchana, akavuta sigara au akanywa maji makusudi anadaiwa toba na siku moja kwa kila siku aliyoiharibu, basi. Sitini hawamhusu. Lau angekuwa Mhanafi hukumu ingegeuka, na ndiyo sababu Mshafii anayesoma maswali na majibu ya masheikh wa Kihindi au wa Kituruki bila kuangalia madhehebu yao hujikuta amejitwika mzigo usio wake.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya watu karibu kila Ramadhani. La kwanza ni janaba. Mume na mke walioingiliana usiku, wakalala, wakaamka jua limechomoza hawajaoga, saumu yao ni sahihi. Wanaoga, wanalipa Sala ya Alfajiri na kuendelea na funga. Bibi Aisha na Bibi Ummu Salama (r.a.) walisimulia kuwa Mtume alikuwa akipambazukiwa naye ana janaba, kisha akioga na kufunga. Wako wanaodhani kuwa siku hiyo imekwisha kuharibika, wakaila au wakarudia tendo mchana, na hapo ndipo wanapoingia katika kafara ambayo hawakuwa nayo asubuhi.

La pili ni adhana. Alfajiri ikiingia na watu wawili wakiwa katika tendo, wajibu wao ni kujitoa papo hapo. Wakifanya hivyo saumu ya siku hiyo inasihi. Anayeijua alfajiri na akaendelea mpaka akamaliza haja yake ameiharibu saumu na kafara inamwangukia. Aliyedhani bado ni usiku, kisha ikambainikia kuwa alfajiri ilikuwa imeingia, analipa siku bila kafara.

Lipo pia la hila. Kwa kuwa Mshafii anayekula hana kafara, hutokea mtu akanywa fundo la maji kwanza ili saumu ivunjike kwa maji, kisha akamwendea mkewe. Kwa hesabu ya kifikihi ya madhehebu hayo, kafara haimpati, kwa kuwa jimai haikuikuta saumu ya kuiharibu. Lakini hakuna mwanachuoni aliyeiita njia hiyo salama: mtu huyo ameikusanya dhambi ya kula na dhambi ya kuingilia, na Mahanbali wanamlazimisha kafara pamoja na hila yake. Binafsi naona anayeuliza kuhusu hila hii kabla ya kuifanya ajihesabu kuwa amekwisha kujibiwa na nafsi yake.

Nani kati ya mume na mke anayelipa? Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba kafara ni ya mume peke yake, na mke aliyeridhia ana dhambi na analipa siku yake. Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali wanasema mke aliyeridhia naye ana kafara yake kamili. Mke aliyelazimishwa hana dhambi wala kafara, na kwa Mashafii hata saumu yake haikuharibika. Kwa Mashia, mume aliyemlazimisha mkewe anabeba kafara yake na ya mkewe.

Hatimaye hesabu siku. Kwa Mashafii kila siku ni ibada inayojitegemea: siku mbili ni kafara mbili, siku tano ni kafara tano. Kurudia tendo mara mbili katika siku moja hakuongezi kafara, kwa sababu mara ya pili haikukuta saumu. Mahanafi wanaona kafara moja inatosha kwa siku kadhaa ikiwa hakuna iliyokuwa imelipwa kabla. Andika tarehe hizo mahali, kwa Hijria kama unaweza, kwa maana miaka mitatu baadaye mtu hukumbuka kosa akasahau idadi.

Hatua ya tatu: lipa siku yenyewe

Kafara haifuti siku. Mwenye kuharibu siku moja kwa jimai anafunga siku moja ya kulipa na juu yake anatekeleza kafara. Katika riwaya ya Abu Daud, yule mtu wa hadithi aliambiwa pia afunge siku moja mahali pa ile aliyoivunja. Kwa aliyevunja bila udhuru, kulipa ni kwa haraka, mara baada ya siku ya Idi. Hana nafasi aliyonayo mgonjwa au msafiri ya kusubiri mpaka karibu na Shaabani. Akichelewesha bila sababu mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, anatoa pia kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, nayo hiyo ni fidia, jambo tofauti na kafara tunayoizungumzia.

Hatua ya nne: mtumwa

Daraja ya kwanza ya kafara, kumwacha huru mtumwa Muislamu, haina pa kutekelezwa kwetu. Hadhi ya utumwa katika sheria ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Mwenye deni anavuka moja kwa moja kwenda daraja ya pili, na hahitaji kutafuta badala ya fedha kwa ajili ya daraja hii.

Hatua ya tano: miezi miwili mfululizo

Kwa Mashafii, Mahanafi na Mahanbali daraja hizi ni za kufuatana: hakuna kulisha kwa anayeweza kufunga. Mamaliki wanampa mtu hiari kati ya zote tatu, na wanaona kulisha ndiko bora. Mashia nao wana hiari, na anayechagua kufunga kwao anatosheka kufululiza mwezi wa kwanza na siku moja ya mwezi wa pili, kisha zilizobaki anaweza kuzitawanya. Mshafii hana njia hiyo. Kwake kila siku ya miezi miwili inashikana na ya pili yake.

Kwa hiyo kuchagua wakati wa kuanza ni nusu ya kazi. Miezi inahesabiwa kwa mwandamo, na hesabu ya Waswahili, inayoiita miezi inayofuata Ramadhani Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili na kuendelea hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani, inasaidia sana hapa. Mfunguo Mosi unaanza na Idi, siku ambayo ni haramu kufunga. Mfunguo Tatu una Idi ya kuchinja tarehe 10 na siku za tashriki tarehe 11, 12 na 13, nazo zote ni haramu kufungwa. Kutoka Mfunguo Nne hadi mwisho wa Shaabani kuna miezi minane isiyo na siku hata moja iliyoharamishwa, na ndani ya miezi hiyo ndimo pa kupangia. Anayeanza tarehe mosi Mfunguo Tano anamaliza siku ya mwisho ya Mfunguo Sita, na chakula cha maulidi atakipitisha mpaka magharibi. Anayeanza tarehe mosi Rajabu anamaliza na Shaabani na kuingia Ramadhani bila kupumzika. Inasihi, lakini ni miezi mitatu ya kufunga kwa mkupuo, na asiye na mazoea asijaribu. Anayeanza baada ya tarehe mosi Rajabu atakatizwa na Ramadhani, naye anayeanza Mfunguo Pili atakatizwa na Idi, na wote wawili watatakiwa kuanza upya.

Ukianza tarehe mosi ya mwezi, fuata mwandamo tu: mwezi ukiwa wa siku 29 unatosha, hata jumla ikawa 58 au 59. Ukianza katikati ya mwezi, mwezi wa kati unahesabiwa kwa mwandamo, na ule wa kwanza unakamilishwa hadi siku 30 kwa siku za mwezi wa tatu. Kwa kuwa kwetu wako wanaofuata mwezi unaoonekana nchini na wako wanaofuata mwezi wowote ulioonekana duniani, chagua kundi unalofuata katika Ramadhani yako na ulifuate mpaka mwisho wa kafara. Mwenye wasiwasi aongeze siku moja.

Nia inawekwa kila usiku kabla ya alfajiri, kwa kukusudia moyoni kufunga kesho saumu ya kafara. Si lazima kutamka kwa Kiarabu. Lakini usiifanye nyepesi: aliyesahau kuweka nia usiku mmoja, kwa Mashafii ameukata mfululizo na anarudi mwanzo, hata akiwa amebakiza siku moja. Desturi ya kuamka kula daku, hata kwa kokwa moja ya tende na maji, inamlinda mtu na usahaulifu huo, kwa kuwa aliyeamka kula kwa ajili ya kufunga kafara yake na ikampitia moyoni amekwisha kunuia.

Kipi kinaukata mfululizo na kipi hakiukati? Kufungua bila udhuru kunaukata kwa kauli ya wote. Safari inaukata kwa Mashafii, kwa hiyo dereva wa masafa au mfanyabiashara anayekwenda Dubai ama afunge akiwa safarini, ama apange miezi asiyosafiri. Ugonjwa nao, kwa kauli iliyotegemewa ya Mashafii, unaukata; Mamaliki na Mahanbali wanasema hauukati, na mgonjwa anaendelea alipoishia mara tu anapopona. Malaria ya siku mbili katika siku ya hamsini ni jambo zito, na mtu akifikwa nalo amwendee mwanachuoni anayemwamini aulize kama anaweza kuchukua kauli hiyo nyingine, badala ya kujifutia deni mwenyewe. Hedhi haiukati kwa mwanamke aliyelazimika kafara katika madhehebu yanayomlazimisha; anaendelea mara anapotoharika bila kuchelewa hata siku moja.

Tuchukue mtu wa Tanga aliyemwingilia mkewe mchana katika siku mbili za Ramadhani moja. Ana siku mbili za kulipa na kafara mbili. Siku mbili anazifunga mara baada ya Idi. Kisha anasubiri Mfunguo Nne, anafunga Mfunguo Nne na Mfunguo Tano kwa kafara ya kwanza. Hapo anaruhusiwa kupumzika, kwa sababu kushikana kunatakiwa ndani ya kila kafara na si baina ya kafara na kafara. Anapumzika Mfunguo Sita wote, na anafunga Mfunguo Saba na Mfunguo Nane kwa kafara ya pili. Ikitokea akakatika katika ya pili, bado ana Mfunguo Tisa kisha Rajabu na Shaabani mbele yake za kurudia.

Katika miezi hiyo usiku ni halali yake kwa mkewe kama ulivyo usiku wa Ramadhani. Mke naye anastahili kuambiwa ratiba, maana miezi minne ya daku na futari haipiti nyumbani bila kuonekana, na watoto watauliza.

Hatua ya sita: kulisha masikini sitini, kwa asiyeweza kufunga

Anayehamia kulisha ni yule aliyeshindwa kweli: mzee aliyedhoofika, mwenye maradhi ambayo kufunga miezi miwili kutayazidisha au kutamletea taabu isiyovumilika, kama baadhi ya wenye kisukari wanaotumia sindano. Mashafii wamemhesabu pia mtu mwenye matamanio makali ambaye hawezi kukaa mchana wa miezi miwili bila kuanguka tena katika kosa lile lile. Kazi nzito peke yake haimtoi mtu kabla hajajaribu, na uvivu haumo. Kwa upande wa maradhi, neno la daktari lina uzito kuliko kukisia.

Kipimo ni kibaba kimoja kwa kila masikini, katika chakula kikuu cha mji anaokaa mtoaji. Masheikh wetu wanakadiria pishi kwa takriban kilo mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo kibaba ni baina ya gramu 625 na 750. Anayetaka usalama apime robo tatu ya kilo: kwa watu sitini ni kilo 45, yaani mfuko wa kilo 50 unatosha na kubaki. Kwa Mahanafi kipimo ni kikubwa zaidi, nusu pishi ya ngano au pishi nzima ya tende na shayiri, au thamani yake, na pishi yao ni kubwa kuliko yetu.

Chakula kiwe nafaka ya kuwekwa akiba: mchele, mahindi ya punje, mtama. Unga wa sembe, ingawa ndio unaopikwa kila siku bara, haukubaliwi na Mashafii katika vipimo hivi, kama usivyokubaliwa katika zaka ya fitiri. Wala chakula kilichopikwa hakitoshi kwao, kwa sababu masikini anatakiwa amilikishwe, naye aamue kupika, kuweka au kumpa mwingine. Anayealika watu sitini kufuturu pilau amefanya jambo jema lenye thawabu, ila kafara yake kwa madhehebu hayo bado ipo pale pale. Mahanafi wanakubali kuwalisha milo miwili ya kushiba. Fedha mkononi pia hazitoshi kwa Mashafii, lakini inafaa kumpa mtu mwaminifu fedha awe wakili wako, anunue mchele na kuugawa. Mwambie wazi kuwa ni kafara, kwa masikini sitini, kibaba kimoja kimoja. Ukimwambia ni sadaka atagawa kama sadaka.

Idadi ni ya watu, si ya vibaba. Kumpa mtu mmoja kilo 45, au kuwapa watu ishirini vibaba vitatu vitatu, hakutimizi sitini kwa Mashafii. Hata hivyo mtoto wa masikini anahesabiwa, akipokelewa fungu lake na mzazi wake, kwa hiyo nyumba ya mama mjane mwenye watoto sita wasio na kitu ni mafungu saba. Nyumba tisa au kumi za namna hiyo zinaimaliza kazi. Wasiofaa kupewa ni wale ambao matumizi yao ni juu yako, kama mke, watoto na wazazi wako wasiojiweza. Na kwa Mashafii asiye Muislamu hapewi katika kafara, ingawa sadaka ya kawaida anapewa. Kuhusu nyumba za mayatima, angalizo dogo: uyatima si umasikini. Wako mayatima waliorithi nyumba za kupangisha. Uliza kwanza hali ya watoto wenyewe ilivyo.

Kwa utendaji, fanya hivi. Pata kwa imamu wa msikiti au mwalimu wa madrasa majina ya nyumba zenye uhitaji, pamoja na idadi ya watu waliomo. Andika majina sitini kwenye daftari. Bila daftari watu wa nyumba ya tatu huhesabiwa mara mbili. Pima dukani mafungu 60 ya robo tatu katika mifuko ya karatasi. Nuia kafara unapoyatenga mafungu au unapoyatoa. Kisha gawa na uweke alama mbele ya kila jina. Si lazima yamalizike siku moja: ukipata uwezo wa thelathini leo na thelathini mwezi ujao, inatosha, kwa kuwa sharti la mfululizo ni la saumu peke yake.

Asiyeweza lolote, na anayefariki na deni

Aliyeshindwa kufunga na hana cha kulisha hana dhambi ya kuchelewa. Kwa Mashafii kafara inabaki katika dhima yake mpaka atakapoweza moja kati ya daraja hizo. Mahanbali wanasema inamwondokea, kwa hoja kwamba Mtume hakumwambia yule mtu wa kapu la tende kuwa bado anadaiwa. Anayechukua kauli ya kwanza aendelee kuweka akiba kidogo kidogo, hata kilo moja ya mchele kwa juma.

Deni hili liandikwe katika wasia, kwa idadi ya kafara na ya siku za kulipa. Mwenye deni akifariki, warithi wanaitoa kafara katika mali aliyoiacha kabla ya kugawana mirathi, sawa na deni la watu. Kuhusu siku alizokuwa akidaiwa kufunga na akapata nafasi ya kuzilipa lakini hakuzilipa, walii wake, yaani jamaa yake wa karibu, anaweza kumfungia, kwa hadithi ya Bibi Aisha waliyoipokea Bukhari na Muslim, au kinatolewa kibaba kimoja katika mali yake kwa kila siku. Mali ikiwa imekwisha kugawiwa kabla wasia haujaonekana, kila mrithi anarudisha sehemu yake kwa kadiri ya fungu alilopata, mpaka vibaba sitini vya kila kafara vitimie.